Chumba cha Viatu

Uliniuliza jana, Tsiuri, kama chumba kina mandhari.
Simu ikakatika, au nikaikata. Sikumbuki.
Ngoja nianze na hesabu, mandhari itafuata.

Nilishuka Thesaloniki na sanduku lenye gurudumu moja zima,
kilo mbili za jozi (za kula, za mti wetu wa Kutaisi, si za viatu)
na daftari la shule lenye mistari ya samawati.
Mshahara wa tanuri la mikate: yuro mia saba na themanini.
Dawa za mama: mia mbili, na hizo hazina mjadala.
Kinachobaki ndicho kinachotafuta pa kulala.

Bibi Evanthia wa mji wa juu
alinionyesha dirisha kabla ya kunionyesha choo.
Ghuba yote ilikuwa mle,
na meli mbili zimetulia kama vifungo vya shati.
Mia tatu, akasema, akiliambia dirisha.
Nikavuta kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeota
ramani ya kijani, na visiwa vyake, na harufu ya soksi.
Nikalirudisha polepole,
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.
Mandhari ile ningeilipia kwa mapafu.

Evosmo walitaka mia na sabini tu.
Rangi mpya, jirani mpole, kitanda kisicholalamika.
Nilikuwa nishatoa penseli. Kisha nikauliza usafiri.
Basi la kwanza huondoka saa kumi na moja alfajiri;
unga wangu hunisubiri tangu saa tisa.
Teksi, basi.
Yuro nane mara siku ishirini na sita:
nilipiga hesabu mara tatu nikidhani penseli imelewa.
Rahisi ghali. Wahenga hawakuwahi kupanda teksi
lakini nauli yake waliijua.

Usicheke. Usiku tisa nililala kwenye kochi la Lamara,
na kila asubuhi nikanunua uvumilivu wa mumewe
kwa mkate wa moto.

Mwishowe ni hapa: nusu chini ya ardhi,
nyuma ya kituo cha treni,
dakika kumi na moja kwa miguu hadi tanuri.
Mia mbili na ishirini.
Mwenye nyumba, Stavros, fundi pikipiki,
alitaka kodi ya miezi miwili kabla ya ufunguo.
Nikamwomba mmoja. Akaitazama mikono yangu yenye unga,
akasema mmoja na nusu, na mkate wa kila Jumamosi.
Mkate huo nimeuandika. Ni matumizi.
Umeme, bado sijui utaning'ata wapi.
Mafuta ya kupasha nyumba joto, wa juu walipiga kura:
yasiwashwe hadi Desemba.
Mimi sina kura, nina blanketi.

Chini kabisa ya ukurasa kuna mstari sijaupa jina.
Wiki hii umekula yuro mbili na nusu:
kahawa, Jumapili, ufukweni.
Ghuba ya Bibi Evanthia ilikuwa palepale,
nikaitazama bure, na mapafu yangu yote mawili.

Sasa, mandhari.
Dirisha langu liko usawa wa barabara. Naona viatu.
Vyekundu vya mtoto asiyekanyaga mfuniko wa mtaro,
hata akivutwa mkono.
Ndapa za mzee anayetoka kuvuta sigara mkewe akilala.
Buti za Stavros, moja ina kamba ya bluu.
Jana ilikuja jozi ya kiume, imepigwa rangi ikang'aa.
Ikasimama mbele ya mlango wa jirani, muda mrefu,
ikainua kisigino, ikakishusha,
ikageuka, ikarudi ilikotoka.
Nikabaki nimeshika nyundo hewani.
Kisha nikaendelea kubangua zetu.

Zimebaki kumi na nne.